Ziwa la Uwele

Marekani, kile kitambaa cheupe cha mashuka, ikichanwa ina sauti yake. Fundi huikata kidogo pembeni kwa mkasi, halafu hushika pande mbili, huvuta, na kitambaa hulia kwa urefu wote wa chumba mpaka kifike mwisho, na vumbi jeupe la pamba hubaki limeelea kwenye jua la dirishani. Hiyo ndiyo sauti iliyonipokea siku yangu ya kwanza kazini. Sasa nimekabidhi ufunguo wa chumba cha ushonaji cha hospitali, nimerudi nyumbani kwangu Cheyo kufuga kuku, na bado naisikia vilevile.

"Mbona hukati kwa mkasi?" nilimwuliza Fundi Ramadhani, kabla hata sijakaa.

"Marekani haikatwi, huchanwa. Yenyewe inajua njia yake. Ukiikata, shuka litakwenda upande, na mgonjwa naye atalala upande. Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"Basi umenipita. Kaa."

Nawaandikia nyinyi mliobaki kwenye kile chumba, kwa sababu siku ya kuniaga mlinipa kanga na soda na hamkuniuliza kitu. Siwalaumu. Soda ilikuwa baridi. Lakini kuna mambo ya kazi ile ambayo hayamo kwenye cherehani, na mimi ndiye niliyebaki wa kuyasema.

Chumba mnakijua: nyuma kabisa, baada ya dobi, dirisha linaangalia kamba za kuanikia. Wakati ule kulikuwa na cherehani mbili za miguu, meza ndefu, na pasi ya mkaa iliyokuwa nzito kama deni. Tulishona mashuka, magauni ya wagonjwa, kofia za chumba cha upasuaji, nepi. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, kila hotuba ilisema tujitegemee, na Fundi Ramadhani alikuwa akisema fundi cherehani alianza kujitegemea siku uzi ulipoadimika, hakungoja hotuba. Alikuwa mtu wa Chemchem, wa zile familia ambazo babu zao walifika na misafara kutoka Manyema, wakaona Tabora panawatosha. Alipenda kunikumbusha kwamba marekani ile ilifika hapa kwa vichwa vya watu kabla ya treni. "Kwa hiyo usiipoteze hata kipande," alisema. "Kuna mtu aliumia shingo."

Baada ya hapo angeweza kunyamaza mpaka adhuhuri. Baba yangu, Mzaramo wa reli, alikuwa amehamishiwa Kigoma, nami nikabaki kwenye chumba cha kupanga na sufuria mbili. Kuna siku nilifika jioni nikagundua kwamba maneno pekee niliyoyasema tangu asubuhi ni "bismillahi" na "uzi umekatika." Nikajizoeza kuota huku nakanyaga pedali. Niliota nashona gauni la harusi lenye mkia wa kutoka Chemchem hadi stesheni. Niliota nashonea kwaya nzima. Nilikuwa na ndoto nyingi kuliko vitambaa, na cherehani ilinisikiliza bila kunicheka.

Kazi ya maziwa ilinijia hivi. Kulikuwa na wanawake waliokatwa ziwa kwa sababu ya uvimbe mbaya. Wakitoka wodini walipewa donge la bendeji wabandike kwa pini ndani ya blauzi, wasitazamwe njiani. Sista wa wodi akaja kuuliza kama hatuwezi kushona kitu cha maana zaidi, kwa sababu pini zilikuwa zinawachoma. Dukani nako sidiria hazikuonekana. Fundi Ramadhani alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mimi sipimi kifua cha mke wa mtu," alisema. "Hiyo itakuwa ya huyu binti."

Nilishona machache nikiyajaza sufi, ile ya mtini wanayojazia mito. Wenyewe walishukuru, wakaenda zao, nikadhani nimeweza. Halafu akaja Kalunde.

Alikuwa mwanamke mrefu, mabega mapana, umri wa dada yangu mkubwa kama ningekuwa naye. Alitoka kijiji cha ujamaa upande wa Kaliua, mkulima wa tumbaku. Walikuwa wamemtoa ziwa la kushoto, na kidonda kilikuwa kimeshafunga. Nikainuka kwa adabu.

"Shikamoo, dada."

"Kabila gani wewe?"

"Mzaramo."

"Basi hiyo shikamoo yako irudishe mfukoni. Mtani haamkiwi, hutukanwa. Mimi Mnyamwezi; babu yangu alibeba pembe mpaka kwenu pwani, mkamlaza nje na mvua."

"Alinuka," nikamjibu. "Alitembea kutoka huku bila kuoga."

Fundi Ramadhani alikohoa. Kalunde akakaa, akafungua kanga mwenyewe nyuma ya pazia, na kwa sababu nilikuwa mtani wake niliweza kugusa kovu lile na kumwuliza alipoumia, jambo ambalo dada yake wa tumbo moja, aliniambia, hajathubutu. Ndivyo utani ulivyo kwetu. Ndugu hukaa mbali kwa kukuheshimu. Mtani hana heshima ya kupoteza.

Nilimshonea ziwa la sufi, zuri, na sidiria yenye mfuko wa kulishikilia. Alirudi tena kliniki, akanitupia lile ziwa mezani.

"Linapanda."

"Linapanda wapi?"

"Shingoni. Nikiinama kulima linapanda mpaka hapa. Juzi mwenyekiti wa kijiji alikuja kunisalimu shambani, nikawa naongea naye na ziwa liko chini ya kidevu."

Hapo ndipo nilipojifunza swali ambalo nawaachia nyinyi, na kama mtasahau mengine yote msilisahau hili: kabla hujapima kifua, uliza mikono yake inafanya nini kutwa. Ziwa la mwanamke anayekaa ofisini na la mwanamke anayepiga matuta si kazi moja. Kalunde alilima, alitwanga, alibeba kuni za bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, na maji kichwani. Akaniambia pia kitu ambacho sikukifikiria: upande mmoja ulikuwa mwepesi, na akiwa na ndoo kichwani bega la kulia lilivutwa chini, shingo ikamuuma mpaka sikioni. Hakuwa anataka urembo. Alitaka uzito.

Tukakaa kuwaza, hata Fundi Ramadhani, akiwa amegeukia ukutani. Sufi nyepesi. Pamba inaloa. Kalunde ndiye aliyesema uwele: punje ndogo, zinatulia, zinafuata mwili, na zina uzito. Nikashona mfuko mpya, tukaujaza kidogo kidogo, yeye akiweka mkono mmoja chini ya ziwa lake na mwingine chini ya mfuko, anafumba macho, anasema, "Ongeza. Ongeza. Punguza, mimi sijazaa mapacha." Lilipokuwa sawa alisimama, akatembea mpaka mlangoni na kurudi na pasi ya mkaa kichwani, bila kuishika. Nilijiona fundi. Jioni ile nilikula wali peke yangu, nikajipongeza kwa sauti.

Zikaja mvua. Aliporudi alikuwa amelowa, na alikuwa anacheka kabla hajafika mlangoni.

"Mtani, ziwa lako limeota."

Akalitoa ndani ya kanga. Lilikuwa limevimba, na kwenye mshono, pale nilipojisifu kwa tundu ndogo za sindano, vichipukizi vyeupe vilikuwa vimetoka nje na kuanza kupata ukijani. Jasho na mvua ya shambani vilikuwa vimefanya kazi yao. Mnyamwezi wa ukoo wa wakulima angepaswa kujua kwamba mbegu ni mbegu. Mzaramo wa mjini nilikuwa na udhuru kidogo. Fundi Ramadhani aliliangalia juu ya miwani.

"Msimu huu utakuwa mzuri," alisema, akarudi kwenye shuka lake.

Tulicheka mpaka dobi akaja kuchungulia. Kisha Kalunde akaacha kucheka, na mimi nikachelewa kidogo kuacha. Akaanza kuchambua vichipukizi kimoja kimoja, anavipanga mezani.

"Mtoni siku hizi naenda kabla ya wenzangu," alisema. "Zamani tulikuwa tunaoga wote, tunasuguana migongo. Sasa naenda bado giza. Mgongo siufikii."

Hata mimi mgongo wangu nilikuwa siufikii, lakini hilo sikulisema.

Ndipo daktari wetu wa upasuaji alipomwita kumweleza habari mpya. Katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam kulikuwa na bingwa aliyekuja kwa muda, anayeweza kumtengenezea mwanamke ziwa upya. Angeondoka baada ya muda si mrefu, kwa hiyo jibu lilitakiwa mwezi uleule. Kalunde alisema haingii kwa daktari bila mtani wake, nami nikasimama pembeni nikiwa na futi yangu shingoni.

Daktari alianza kwa kumwuliza kazi. Alipojibiwa, alichukua fagio lililokuwa nyuma ya mlango, akampa.

"Nionyeshe unavyolima."

Kalunde alitutazama, akaona hakuna anayetania. Akainama, akainua fagio, akalishusha. Daktari akaweka kiganja nyuma ya kwapa lake la kushoto, kwenye mgongo.

"Tena. Unasikia inavyovuta hapa? Hii ndiyo nyama wanayoigeuza mbele kutengeneza ziwa. Inakuja na ngozi yake, inakaa vizuri, ni mwili wako mwenyewe. Lakini kazi iliyokuwa inaifanya huku nyuma itabidi ifanywe na nyingine. Karani hataona tofauti kubwa. Wewe nadhani utaiona."

"Nitashindwa kulima?"

"Hutashindwa. Utachoka mapema. Kiasi gani, sijui kukuambia."

"Nimesikia kuna kifuko."

"Kipo. Mpira laini, unawekwa chini ya ngozi, mgongo hauguswi. Ila ngozi yako hapo imebaki nyembamba, na kovu linaweza kukikaza kikawa kigumu. Kikipasuka au kikipata usaha, unatakiwa hospitali upesi. Kutoka kwenu mpaka treni ni mbali?"

"Kwa baiskeli ni nusu siku. Halafu umngoje treni atake mwenyewe."

Daktari akatikisa kichwa. "Ndiyo maana nakuambia yote. Wapo waliofanyiwa, wamefurahi, na wana haki ya kufurahi."

"Na nikikaa hivihivi?"

"Ugonjwa tuliutoa kadiri tulivyouona. Tutaendelea kukuangalia, uwe na ziwa, usiwe nalo. Hilo halibadiliki."

Kalunde alirudisha fagio nyuma ya mlango, mahali pake. Alisema atafikiri.

Mimi sikuhitaji kufikiri. Nilitaka aende. Mgonjwa wa kwenda mbali alipewa msindikizaji, na alikuwa ameshanitania kwamba atanichukua mimi nikamwonyeshe kwetu, ambako sijawahi kukanyaga. Nikaanza kuota safari: mabehewa, mayai ya kuchemsha ya Dodoma, shangazi zangu nisiowajua wakinipokea. Nikapata kitambaa cha maua ya njano na kuanza kumshonea blauzi ya kurudi nayo, ya mwanamke mwenye maziwa mawili. Kifuani niliweka mikunjo miwili, ile inayofanya blauzi itune, kulia na kushoto, sawasawa.

Siku ya kliniki iliyofuata alikuja na mumewe, Maganga. Wakati mkewe yuko ndani, mtu huyo alikaa kwenye benchi la dobi akiwa ameshika kofia. Nilipotoka kuanika aliniita.

"Mtani, ndiwe unayemshonea?"

"Ndimi."

"Umeliona kovu?"

"Nimeliona."

"Likoje?"

Nilidhani ananitega. Lakini uso wake ulikuwa wazi kabisa.

"Wewe hujaliona?"

"Anazima taa kwanza. Tangu atoke hospitali. Nikimwuliza, ananiambia nisimwulize. Nataka aende Dar. Labda akirudi ataacha kuzima taa."

Kwa mtu mwingine ningenyamaza. "Nyinyi Wanyamwezi," nikamwambia, "mlitembea kutoka hapa mpaka pwani na mizigo bila kuuliza njia, leo unashindwa kumwuliza mkeo swali moja?"

"Njia tulikuwa tunaijua," alisema. "Na maji mlikuwa mnatuuzia." Akatabasamu kidogo, akaitazama kofia yake. "Huyu simjui njia."

Nikamwambia asimwulize basi, amwambie yeye anataka nini. Akasema hajui asemeje. Nikasema hata mimi sijui, mimi sina mume. Tukakaa pale watu wawili tusiojua, mashuka yakitupiga usoni kwa upepo.

Msimu wa kuvuna tumbaku ulikuwa umeanza. Mwisho wa mwezi Kalunde alikuja peke yake. Nilikuwa nimeshaandaa ziwa la aina ya tatu: mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yakawa meupe, ndani ya nailoni iliyoshonwa mara mbili, kisha sufi kuzunguka. Hilo halioti. Ndilo mliloendelea kulishona mpaka leo, kwa hiyo mjue lilikotoka. Alilipima mkononi, akaridhika, akaliweka kwenye kikapu badala ya kulivaa.

"Kaa," aliniambia, kama vile chumba ni chake.

Akaeleza. Tumbaku huvunwa jani kwa jani. Mkono wa kulia unachuma, wa kushoto unakumbatia majani kifuani mpaka mzigo ujae. Lile ziwa la uwele, jipya tulilolijaza tena kwa muda baada ya lile kuota, lilikuwa linasukuma majani, yanavunjika. Akalivua palepale kwenye tuta, akalitundika kwenye mti, akaendelea. Wenzake wakaona. Kovu lilikuwa ndani ya blauzi, lakini ubapa ulionekana, na utomvu wa tumbaku ukaigandisha blauzi mwilini.

"Walisemaje?"

"Walinyamaza. Afadhali wangesema. Nikajaza mzigo, nikaona majani yamelala vizuri, hayajavunjika hata moja. Nikajaza mwingine. Hapo nikajua siendi."

"Kwa sababu ya majani?"

"Kwa sababu ya mgongo, mtani. Mgongo ndio niliobaki nao. Nikiutoa nyuma niuweke mbele, nitakuwa na ziwa la kutazamwa na mgongo wa kubebwa. Nani atanibeba?" Akakitazama kikapu. "Na usifikiri sitalikosa. Nitalikosa. Hata jana nimelikosa."

"Maganga unamwambiaje?"

"Jana sikuzima taa."

"Halafu?"

"Aliangalia. Akaniuliza kama utomvu unawasha pale. Nikamwambia unawasha. Akaenda akaleta maji." Akainuka, akafunga kanga. "Nakwenda kumwambia daktari."

Daktari hakumbishia, alimwambia atamngoja kliniki kama kawaida. Nawaambia haya msije mkadhani nawafundisha kuzuia watu. Baadaye, alipofika bingwa mwingine Dar, alikuja mpiga chapa wa ofisi ya mkoa, naye alikuwa mchezaji wa netiboli, akachagua kwenda, wakamtengenezea kwa nyama ya mgongoni, akarudi akanionyesha kwa furaha kama mtoto mwenye kiatu kipya. Netiboli aliendelea kucheza, ila alihama kutoka kufunga akawa mlinzi. Alichagua vizuri, na Kalunde alichagua vizuri. Kazi yetu ni kushona atakachochagua.

Lakini siku ile ya Kalunde sikuwa na busara hiyo. Nilimsindikiza mpaka geti. "Dar utakwenda mwenyewe, Mzaramo," alisema, "kwa miguu kama babu yangu." Nikamtukana kidogo, ndiyo desturi. Niliuliza kama mtoni bado anakwenda kabla ya wenzake. Akasema bado. Kisha akashika barabara ya stesheni, kikapu kichwani, mikono imening'inia.

Nilirudi chumbani. Fundi Ramadhani alikuwa amekwenda msikitini kuswali alasiri, cherehani yake imefunikwa. Blauzi ya maua ya njano ilikuwa juu ya meza. Nilichukua wembe nikafumua mkunjo wa kushoto, uzi mmoja mmoja, nisiache tundu. Kitambaa kikafunguka, kikabaki na alama ya pale kilipokuwa kimekunjwa. Nikanyunyiza maji, nikapiga pasi mpaka alama ikapungua. Nikapunguza kitambaa kilichozidi ubavuni, nikashona upya, upande wa kulia umetuna, wa kushoto umelala bapa. Nilipitisha mkono ndani kutafuta kama kuna mshono utakaomkwaruza. Ulikuwepo mmoja, karibu na kwapa. Nikaufumua nikaushona tena kwa mkono.